Mbwa akikung'ata kazini: mambo ya siku ya kwanza yanayoamua fidia

Madai mengi ya kung'atwa na mbwa kazini hufia getini, kabla hata mtu hajashika kalamu. Mwenye mbwa anatoka na kanga au msuli, anamkuta msoma mita ameshika mkono unaovuja damu, anachomoa noti mbili za elfu kumi. "Kijana wangu, chukua hii ukachome sindano. Mbwa wangu kachanjwa, usiwe na hofu." Kijana anapokea, anasema ahsante mzee, anafunga leso, anamalizia nyumba zilizobaki. Wiki tatu baadaye kidole cha shahada hakikunji. Ndipo maswali yanapoanza: nani aliona, jeraha liliandikwa wapi, mbwa mwenyewe yuko wapi. Mbwa keshapigwa rungu na kutupwa. Mzee keshasafiri. Mwajiri anasema hana taarifa yoyote.

Tatizo la jeraha la mbwa ni kwamba siku ya kwanza linaonekana dogo. Mtu akianguka kutoka juu ya nguzo ya umeme, kila mtu anaandika. Matundu mawili ya meno kwenye kiganja hayamshtui mtu, lakini jino la mbwa ni refu na jembamba, linaingia ndani kuliko ngozi inavyoonyesha. Linaweza kufika kwenye kano au mshipa wa fahamu, na linaacha vijidudu humohumo. Kiganja ndiyo sehemu mbaya zaidi, na ndiyo watu wengi hujikingia nayo.

Huku Mtwara na Lindi wanaokumbana na haya kazini wanafahamika. Wapo wasoma mita wa maji na umeme, hasa mitaa yenye nyumba za kuta ndefu kama Shangani. Wapo walinzi wa maghala ya korosho na ya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), ambao kuanzia Oktoba mali ikijaa hukaa lindoni usiku kucha na mbwa wa mtaa wanaofuata mabaki ya chakula. Wapo vijana wa kupulizia salfa mikorosho kule Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa, ambao huingia shamba la mtu alfajiri kabla upepo haujaamka, na mbwa wa shamba hawajui kama huyu mwenye bomba mgongoni kaitwa au kaja kuiba. Wapo mafundi wa ving'amuzi, watunza bustani, dada wa nyumbani, bodaboda wa kupeleka mizigo. Jeraha linaweza kuwa moja, lakini njia ya fidia ya mlinzi mwenye mwajiri siyo ya bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri.

Kabla ya karatasi, bomba. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Sabuni ya kipande au ya unga ya kufulia inafaa. Hii siyo usafi wa kawaida: kirusi cha kichaa cha mbwa hakivumilii sabuni, na dakika hizo 15 zinapunguza sana kiasi kinachobaki kwenye nyama. Ukanda wetu una historia na ugonjwa huu. Lindi na Mtwara zilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania ulioanza mwaka 2010, wenye kampeni za kuchanja mbwa wilaya kwa wilaya, lakini ugonjwa haujaisha. Kwetu hata mbweha wa porini wanaubeba, jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kulifikiria.

Neno moja kuhusu udongo. Pwani yetu watu wengi wanajua kwamba palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni twahara ya nguo na chombo, ina wakati wake. Udongo usitiwe ndani ya kidonda kilicho wazi, wala majivu, wala pilipili, wala nywele za yule mbwa zilizochomwa. Mbali na madhara yenyewe, daktari akiandika kwenye cheti kwamba kidonda kiliwekwa dawa ya kienyeji na kikaoza, umempa wakili wa upande wa pili kitu cha kushikilia.

Kisha hospitali, siku hiyohiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza siku inayoitwa siku ya 0, halafu siku ya 3 na ya 7, na ratiba nyingine huendelea hadi ya 14 na ya 28, kutegemea njia ya kuchoma ambayo hospitali inatumia. Jeraha lililotoboa ngozi na kutoa damu huhitaji pia sindano ya kinga ya moja kwa moja inayochomwa kuzunguka kidonda. Pepopunda ni sindano nyingine, usidhani moja inatosha kwa zote. Dalili za kichaa cha mbwa kwa kawaida hujitokeza kati ya mwezi 1 na miezi 3, na zikishajitokeza hakuna tiba. Ndiyo maana hatuna subira na mwajiri anayemwambia mtu "maliza lindo kwanza, kesho utakwenda".

Hapo hospitali ndipo msingi wa fidia unapojengwa, na wengi hawajui kuuliza. Cheti kinachosema "kang'atwa na mbwa, kapewa dawa" hakina uzito. Mwombe daktari kwa adabu aandike mkono upi, kidole kipi, jeraha lina urefu wa sentimita ngapi, kama limefika kwenye kano au mfupa, kama vidole vinakunja na kunyooka, kama kuna ganzi. Ganzi isiyoandikwa siku ya kwanza, ukija kuitaja mwezi wa tatu, utaambiwa uliipata kwingine. Usishangae wala usilalamike jeraha likiachwa bila kushonwa. Majeraha ya meno ya mbwa mara nyingi huachwa wazi au hushonwa baadaye makusudi, ili uchafu usifungiwe ndani. Omba ED, yaani cheti cha daktari cha siku za mapumziko, hata kama unajisikia vizuri, na kadi ya chanjo iandikwe tarehe zote zinazofuata. Tarehe hizo mpelekee msimamizi wako kwa maandishi, japo kwa ujumbe wa simu: "Mkuu, natakiwa hospitali tarehe hizi tatu kwa chanjo." Dozi nyingi hukosekana kwa sababu mtu hakuruhusiwa kuondoka kazini, na bila ujumbe ule itaonekana alizembea mwenyewe.

Polisi. Nenda ukafungue taarifa, upate RB (namba ya taarifa yako kwenye daftari la polisi) na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu). Watu wanaona aibu kupeleka habari ya mbwa kituoni, wanadhani watachekwa. Kanuni ya Adhabu inalitambua kosa la mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake, kwa hiyo una haki ya kusikilizwa. Tena namba ya RB inaonyesha tarehe na saa ambayo hakuna anayeweza kuigeuza. Ikiwa damu inatoka, anza hospitali, PF3 ifuate. Kidonda hakingoji foleni ya kaunta.

Mtu wa tatu ni afisa mifugo wa kata, na huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote. Kitaalamu anahitajika kwa sababu mbwa aliyeng'ata hutakiwa kufungwa na kuangaliwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa cha mbwa siku alipong'ata. Akifa au akibadilika tabia, sampuli ya kichwa inaweza kupimwa, na Mtwara kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari. Hayo ni ya afya. Kwa upande wa madai, karatasi ya afisa mifugo ina faida nyingine kubwa: inaandika mbwa alikuwa wa nani, alikaa nyumba gani, alichanjwa lini, na mwenye mbwa anasaini. Miezi sita baadaye mbele ya hakimu, kila mtu husema "yule mbwa ni wa mtaani, alikuwa anakuja tu kula makombo". Saini kwenye karatasi ya siku 10 inamfunga mdomo. Ndiyo maana kumpiga mbwa hadi kufa papo hapo, jambo ambalo vijana wetu hulifanya kwa hasira, linamharibia zaidi aliyeng'atwa. Anapoteza uchunguzi wa afya na ushahidi kwa mpigo mmoja.

Na yule mzee anaposema mbwa kachanjwa, jibu ni fupi: "Sawa mzee, naomba tu niione kadi yake, niipige picha." Mwenye kadi huileta bila kinyongo. Asiyekuwa nayo huanza hadithi ndefu.

Sasa mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi tunauita WCF. Ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao mwaka uliofuata, kwa Tanzania Bara. Usiuchanganye na NSSF: NSSF ni mafao yako ya hifadhi ya jamii na unakatwa mshahara, WCF mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwajiri peke yake ndiye anayechangia, na kiwango kwa sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara. Mwajiri anayekukata mshahara kwa jina la WCF anakuibia.

Mfuko haulizi nani alikosea. Swali lake ni kama ajali imetokana na kazi na imetokea wakati wa kazi. Kwa msoma mita aliyeingia geti la mteja, jibu ni jepesi. Kwa mlinzi, linategemea alikuwa wapi. Kama aliacha lindo akavuka barabara kununua sigara akang'atwa dukani, atapata shida kueleza. Kama alitumwa na bosi kununua hiyo sigara, ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo ujumbe wa simu wa bosi unapokuwa na thamani. Utovu mkubwa wa makusudi nao unaweza kumwangusha mtu, mfano aliyelewa lindoni akaenda kumchokoza mbwa kwa fimbo.

Hatua ni hizi. Mfanyakazi anamwarifu mwajiri mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi. Mwajiri ana siku 7 tangu apate habari kuujulisha mfuko. Madai yenyewe yasipofunguliwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, haki inapotea, na miezi 12 hupita upesi kwa mtu anayeambiwa kila wiki "HR analishughulikia". Ukiona wiki mbili zimepita na hujapewa namba ya dai wala nakala ya fomu, usikae ukingoja. Nenda Ofisi ya Kazi ya mkoa, au wasiliana na mfuko moja kwa moja. Mwajiri kutojisajili ni kosa lake na hakukufuti wewe.

Maelezo ya ajali ndiyo yanayoharibu madai kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu huandikwa na mtu wa ofisini ambaye hakuwepo. Tumezoea kuona sentensi kama "Mfanyakazi alipata ajali ya mbwa akiwa katika mizunguko yake". Mizunguko gani? Maelezo yanayofaa yanakwenda hivi: "Tarehe 14 Agosti, saa 22:10 (saa nne na dakika kumi usiku), nikiwa lindoni ghala namba 2, nikifanya doria ya kila saa kama nilivyoelekezwa, mbwa mweusi wa nyumba iliyo mkabala na geti la nyuma, ambalo lilikuwa wazi, alinirukia na kuning'ata kiganja cha kulia upande wa kidole gumba. Mlinzi mwenzangu wa geti kuu aliona. Niliandika kwenye OB saa 22:25." Ina saa, mahali, kazi, mbwa, sehemu ya mwili, shahidi na daftari la matukio, yaani OB.

Umeona saa ilivyoandikwa mara mbili? Siyo urembo. Sisi tunasema saa nne usiku, mwandishi anajaza fomu "4:00", na mtu wa mfuko anasoma saa kumi alfajiri. Halafu daftari la zamu linaonyesha kwamba saa kumi alfajiri huyu bwana alikuwa keshatoka na kumwachia mwenzake. Dai linarudishwa kwa maelezo kwamba ajali ilitokea nje ya muda wa kazi. Andika kwa saa 24, kisha kwa Kiswahili pembeni.

OB nayo ipigwe picha usiku huohuo, ukurasa mzima, ionekane mistari ya juu na ya chini. Daftari hupotea. Na likipatikana, wakati mwingine ukurasa umechanwa.

Mafao yakoje? Kuna matibabu. Kuna fidia ya ulemavu wa muda, ambayo ni asilimia 70 ya mapato ya mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Jeraha likipona na kuacha kasoro ya kudumu, daktari hupima asilimia ya ulemavu: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kuna ukarabati, kuna posho ya msaidizi kwa asiyejiweza, na kukitokea kifo kuna msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi.

Ile asilimia 70 ina mtego ambao watu huugundua wakiwa tayari kitandani. Asilimia 70 ya nini? Ya mapato ambayo mwajiri amekuwa akiyataja kwenye mfuko. Chukua fundi anayepokea shilingi 600,000 mkononi, lakini kwenye karatasi ya mwajiri ameandikwa 400,000 na iliyobaki inaitwa "posho ya mafuta" isiyo na risiti. Kwa 600,000 angelipwa 420,000 kwa mwezi. Kwa 400,000 atalipwa 280,000. Amepungukiwa 140,000 kila mwezi wa kuugua. Mwajiri kwa ujanja huo ameokoa kiasi gani cha mchango? Asilimia 0.5 ya 200,000 ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo ukimwonyesha mwajiri mwenye aibu anarekebisha. Asiye na aibu, peleka karatasi zako za mshahara, mkataba na ujumbe wa benki au wa simu unaoonyesha kilichoingia kila mwezi.

Upimaji wa ulemavu usikimbiliwe. Mtu ana shida ya pesa, anaomba apimwe mapema ili mkupuo utoke, kidonda kikiwa bado kimevimba. Kuna wanaoumia kwa haraka hiyo, kwa sababu makovu ya kano hukaza taratibu, na kidole kinachokunja nusu mwezi wa pili kinaweza kukaza kabisa mwezi wa tano. Maliza matibabu na mazoezi ya viungo kwanza. Siku ya kupimwa usijikaze kiume. Ukiulizwa unaweza kushika nini, sema ukweli wa kazi yako: siwezi kufunga nati, siwezi kushika bomba la kupulizia kwa zaidi ya dakika tano, naangusha kikombe. Vilevile usizidishe, wanaopima wanajua.

Kwa kibarua wa ghalani, ugumu uko kwenye kumjua mwajiri. Ghala la fulani, korosho za chama fulani, makuli wameletwa na mkandarasi, na anayelipa jioni ni mnyapara. Aking'atwa, kila mmoja anaonyesha kidole kwa mwenzake. Jiulize: nani alinipangia kazi, nani angeniondoa leo, pesa inatoka mfuko wa nani? Sheria haidai mkataba wa karatasi, wa mdomo unatosha, ila uthibitike. Orodha ya majina ya siku hiyo, kikoi cha rangi cha kundi, ujumbe wa malipo kwenye simu, mashahidi wawili mliobeba pamoja: hivyo ndivyo vinavyotumika. Bodaboda anayemiliki pikipiki au anayepeleka hesabu kwa kawaida hana mwajiri wa kumdai, kwa hiyo njia yake ni mwenye mbwa peke yake. Kijana wa salfa aliyeng'atwa na mbweha shambani, kinyume chake, hana mwenye mnyama wa kumdai. Aliyemwajiri na mfuko ndio njia yake.

Tuje kwa mwenye mbwa. Unaweza kumdai kwa uzembe, na muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3. Utatakiwa kuonyesha kwamba mbwa ni wake, kwamba alijua au alipaswa kujua kuwa ni mkali, au kwamba alizembea: geti wazi, mnyororo umekatika, mbwa kaachwa huru mchana wakati anajua siku hiyo mafundi wanakuja. Watu wengi huogopa kile kibao cha MBWA MKALI getini, wakidhani kinampa mwenye nyumba kinga. Kwa aliyeruka ukuta, labda. Kwa msoma mita mwenye kitambulisho aliyegonga hodi akafunguliwa, kibao kile ni ushahidi wa mwenye nyumba mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba alijua mbwa wake anang'ata. Kipige picha kabla hakijang'olewa.

Tahadhari moja ya mahali pa kufungua. Wengi hukimbilia Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu na ada ni ndogo. Madai ya uzembe wa aina hii hayako kwenye mamlaka yake ya madai, na unaweza kushinda pale halafu ushindi wote ukafutwa kwenye rufaa, mwaka mzima umepotea. Anza Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kukusaidia kuandaa bila malipo.

Mahakama hutenga hasara za aina mbili. Zile mahususi, yaani dawa, nauli, mshahara uliopotea, lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe moja moja. Ukidai nauli 180,000 bila karatasi, hupewi hata kama hakimu anakuamini. Maumivu, kovu na usumbufu ni vya jumla, hakimu hukadiria. Kwa hiyo nauli: bodaboda hatoi risiti, sote tunajua. Mlipe kwa simu, hata buku mbili, ujumbe ubaki. Kwenye daftari andika tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi. Na kama mfuko au mwajiri alishalipa dawa, usiziweke tena kwenye madai ya mwenye mbwa kana kwamba ulilipa wewe. Itagundulika, na itatia doa hata madai yako ya kweli.

Kumalizana kwa mwenyekiti wa mtaa si jambo baya. Jirani ni jirani, na kesi ina gharama. Ubaya uko kwenye sentensi moja ambayo mtendaji huiandika kwa mazoea: "Nimepokea shilingi 100,000 na sina madai mengine yoyote." Ikishasainiwa wiki ya kwanza, kidole kikija kukaza umejifungia mlango. Mwambie mtendaji, "Shikamoo mzee, naomba tuandike tofauti kidogo." Kisha: "Nimepokea shilingi 100,000 kwa ajili ya chanjo na matibabu ya awali tu, ya jeraha la tarehe fulani. Madai ya ulemavu na ya matibabu yatakayofuata yatazungumzwa baada ya daktari kukamilisha uchunguzi." Mwenye mbwa mwungwana atasaini. Akikataa kusaini maneno hayo, basi umejua anachokinunua kwa laki moja.

Kazi yenyewe je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. ED zako ndizo zinazoifungua likizo hiyo, siku bila ED huhesabiwa utoro. Ukiachishwa kwa sababu ya jeraha, una siku 30 tu kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko usipeleke habari ya mbwa kwa kirefu, peleka barua ya kuachishwa na ED.

Kuhusu kutunza karatasi: zile risiti za mashine za kielektroniki hufutika. Ukiiacha kwenye mfuko wa suruali au juu ya dashibodi jua la Lindi likaipiga, ndani ya miezi michache ni karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo, toa nakala kivuli, uambatanishe na ile halisi. Kadi ya chanjo, PF3, ED, karatasi ya afisa mifugo na picha za OB zikae bahasha moja ndani ya mfuko wa nailoni, na picha zake zote mtumie ndugu mmoja asiyebadilisha simu kila msimu wa korosho.